Mkwe Nyuma ya Mlango

Damu yenyewe haikuwa nyingi. Lilikuwa doa moja, kubwa kama kifuniko cha soda, na mwanamke mwingine angelifua akalisahau. Lakini Seline alikuwa amefundisha sayansi katika shule ya msingi huko Ahero mpaka akastaafu, na alijua kwamba mwanamke aliyekoma hedhi akiwa na miaka hamsini na mitatu hapaswi kuona damu akiwa na sitini na mmoja. Mwili haurudi nyuma. Damu ya namna hiyo ina sababu, na sababu hiyo ama ni ndogo ama ni kubwa. Haiwezekani kujua kwa kuikisia.

Alijua hayo yote, na bado alikaa miezi minne bila kwenda popote. Si kwamba aliogopa. Alikuwa amechoka na mabenchi ya hospitali. Mumewe alikuwa ameugua figo, na kwa muda mrefu Seline ndiye aliyempeleka Kisumu kusafishwa damu, akamngoja, akamrudisha, akaamka usiku kumgeuza kitandani. Alipomzika, alifikiri kwamba zamu yake ya kukaa macho imekwisha.

Wifi yake Caren, dada wa marehemu, aliyelima miwa Muhoroni na kusema kila kilichomjia kinywani, alipoambiwa habari ya doa lile alicheka. Alisema usichana umerudi, na kwamba ikiwa mambo ni hayo wamtafutie Seline bwana kabla moto haujazima. Doa la pili lilipotokea, kubwa kuliko la kwanza, Caren hakucheka tena. Alisema, "Sasa nenda, wifi. Mimi nitakushika mkono."

Daktari wa wanawake aliyempokea Kisumu aliitwa Khaemba, mtu wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya pole. Alimpima kwa altrasaundi, akamweleza alichokiona bila kuzungukazunguka, na kwa hilo Seline alimheshimu. Ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi, alisema, kwa mwanamke wa umri wake inatakiwa iwe nyembamba, isizidi milimita nne au tano. Yake ilikuwa kumi na moja. Picha ile haiwezi kusema kwa nini. Ili kujua, ni lazima kuingia na kuangalia.

Akachora kwenye karatasi. Hii ni shingo ya kizazi, huu ni mfuko wenyewe. Tunapitisha kamera nyembamba kama mrija wa soda, hatukati popote. Mfuko huu kwa kawaida kuta zake zimelaliana kama gunia tupu, kwa hiyo tunatia maji ya chumvi yaufungue, ndipo kamera ione. Tukikuta uvimbe mdogo tunautoa, na kwa vyovyote tunachukua kipande cha nyama kiende maabara. Wanawake kumi wakija na damu kama hii, tisa hukutwa na jambo lisilo saratani. Yule wa kumi ndiye sababu ya kuwaangalia wote.

Seline aliuliza maswali yake kwa utaratibu, naye akajibiwa kwa utaratibu. Kulikuwa na njia mbili. Angeweza kufanyiwa akiwa macho: ameze dawa ya maumivu saa moja kabla, achomwe ganzi kwenye shingo ya kizazi, avumilie maumivu kama ya hedhi kali, na akitaka wasimame, wasimame. Au angeweza kulazwa kwa dawa ya usingizi. Hapo asingekula chochote tangu usiku, angemeza kidonge chake cha presha kwa maji kidogo tu asubuhi, na ingebidi mtu mzima aje kumchukua, kwa sababu mtu aliyetoka usingizini haachiwi aende peke yake barabarani.

"Wengi huchagua kuwa macho," daktari alisema. "Wanarudi nyumbani mapema."

"Mimi nilaze," Seline alisema. "Nimekaa macho vya kutosha."

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imenyesha kwenye uwanda wa Kano usiku kucha. Seline alikuwa amelala Kisumu katika nyumba ya wageni ya kanisa, ili asikimbizane na asubuhi. Caren alipiga simu akiwa njiani. Mto Nyando umevunja kingo, alisema, magari yamesimama Ahero kama ng'ombe mnadani, na yeye amekaa kati ya trekta mbili za miwa na hakuna inayosogea. Atafika. Hajui saa ngapi, lakini atafika, hata kama ni kwa kuogelea.

Pale hospitali muuguzi aliyempokea alikuwa Naeema, mwanamke wa mjini, binti wa familia ya Waislamu walioishi Kaloleni vizazi kadhaa. Ushungi wake aliuchomeka ndani ya kofia ya chumba cha upasuaji. Alimpima presha, akamwambia iko sawa. Akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, kama ana meno ya bandia, kama amekula. Kuhusu Caren alisema si neno. Watamweka kitandani hadi wifi yake atakapofika, hata iwe jioni. Akampa gauni la kijani lililofunguka mgongoni kwa kamba mbili, moja ikiwa imekatika, na Seline akajifunga leso yake juu yake. Akalala kwenye kitanda cha magurudumu, pazia likavutwa.

Alikuwa na njaa na kichwa kilimuuma kidogo kwa kukosa chai. Hata hivyo alihisi kitu kilichofanana na raha. Muda si mrefu mtu angekuja na sindano, na jambo moja katika maisha yake lingefanyika bila yeye kulisimamia.

Pazia likafunguliwa. Aliyeingia alikuwa mtaalamu wa ganzi, mrefu, barakoa imemfika chini ya macho, amejiinamia akijaza sindano. Hakuwa amemtazama bado.

"Mama, mara ya mwisho umekula saa ngapi?"

Seline aliitambua sauti ile kabla ya kulielewa swali. Kwa miaka sita alikuwa ameisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, kutoka uani, kutoka kwenye kiti kilichowekwa mbali na chake.

"Jana jioni," alisema.

Sindano ikasimama. Mwanamume yule hakuinua uso. Aligeuka taratibu akaelekea ukutani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutazama ukutani, akatazama soketi ya umeme.

"Ni Mama Sheryl?"

"Ni mimi."

Mwanamume yule aliweka sindano kwenye sinia, na Seline aliona mkono wake ukigonga chuma mara mbili kabla ya kuitua. Kisha akatoka kwa kupita kando kando, uso ukiwa ukutani, kama mtu anayepita ukingoni mwa shimo.

Mtu huyo, Gordon, alikuwa mume wa Sheryl, binti yake. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake hata mvua ikinyesha mawe. Hakanyagi chumba chake cha kulala. Anayevunja mipaka hiyo, wazee husema, hupatwa na chira: mtu hukonda bila ugonjwa unaojulikana, au watoto huzaliwa na kasoro. Na mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina. Humwita Mama, au Mama wa fulani, na jina lenyewe hubaki huko alikolikuta.

Hapo ndipo kosa lilipopitia. Gordon alifanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Luanda Kotieno; siku hiyo alikuwa amekuja Kisumu kumshikia zamu mwenzake aliyekwenda mazishini. Asubuhi alikuwa ameambiwa majina ya wagonjwa, likiwamo la Seline Akumu Nyang'or, jina la kitambulisho, la upande wa baba yake. Jina hilo alikuwa hajalitamka maishani, wala hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Halikumwambia kitu. Sheryl, aliyekuwa Nairobi kwa masomo, alijua kwamba mama yake anakwenda kuangaliwa, lakini hakumwambia mumewe. Binti mwenye adabu hamwelezi mume wake habari ya tumbo la mama yake. Kila mtu alikuwa ameshika heshima yake barabara, na heshima hiyo ndiyo iliyowakutanisha nyuma ya pazia moja.

Naeema aliingia akicheka chinichini. "Mwalimu, umemfanyia nini Gordon? Amesimama huko nje kama ameona jini."

Seline akamweleza. Naeema alisikiliza, na kicheko kikageuka mshangao. Kwao, alisema, mume wa binti ni maharimu, ni kama mtoto wa kuzaa. Mama yake mzazi akiugua, mkwewe ndiye humbeba mgongoni hadi kwenye gari.

"Kwetu angeniacha palepale akaenda kutafuta mtu," Seline alisema.

"Mpaka ufe?"

"Angekimbia sana."

Daktari Khaemba alikuja baadaye kidogo, na yeye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alivuta kiti akakaa, akasugua magoti. "Hata kwetu Bungoma," alisema, "mama mkwe akitokea barabarani, mwanamume mzima na suti yake anaruka ndani ya mahindi. Mimi mwenyewe nimeruka. Kulikuwa na nyuki."

Kisha akaeleza mambo yalivyo. Mtaalamu mwingine wa ganzi hakuwapo. Yeye Khaemba alikuwa anasafiri, na siku nyingine ya shughuli hizi ingekuwa baada ya wiki tatu. Gordon alikuwa amesema hivi, na ametaka yafikishwe kama alivyoyasema: hapa hospitalini yeye ni mfanyakazi, mama akisema aendelee, ataendelea, mama akisema aende, ataenda. Uamuzi ni wa mama.

Seline alifunga macho. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Uamuzi ulikuwa wa mama. Aliupima uamuzi huo kama alivyokuwa akiwafundisha watoto kupima vitu, kimoja baada ya kingine.

Chira hakikuwamo katika kitabu chochote alichofundishia, wala hakukiamini. Lakini aibu si kitu cha kuamini au kutoamini. Ipo tu, kama uzito. Angekutana na Gordon kwenye kila harusi na kila msiba hadi mmoja wao azikwe, na kila mara angejua kwamba aliwahi kulala mbele yake miguu ikiwa imetundikwa, bila fahamu. Naye Gordon angejua. Hilo lingeweza kuvumilika. Mkono uliogonga sinia haungevumilika. Dawa ya usingizi hupimwa kwa mililita, na mkono ule leo haukufaa kupima hata sukari.

Kungoja wiki tatu, basi. Lakini alikwisha kujipotezea miezi minne. Ikiwa yeye ni yule wa kumi, wiki tatu zilikuwa na maana. Ikiwa si yeye, bado angezilala akijiuliza, yaani asingezilala.

"Daktari," alisema, "ile njia nyingine bado ipo?"

"Ya kuwa macho? Ipo. Lakini hukuitaka."

"Bado siitaki," Seline alisema. "Nipe hiyo dawa ya maumivu."

Alipewa vidonge viwili, na kwa kuwa sasa hakukuwa na dawa ya usingizi ya kumzuia kula, akaruhusiwa kunywa chai na kula kipande cha mkate ili tumbo lisichomeke. Alikunywa chai. Mkate aliuweka kando ya mto, hamu imekatika. Wakangoja dawa ikolee. Katika muda huo Naeema alikuja kumwambia kwamba Gordon hakuondoka. Alikuwa amejiwekea kiti nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, mgongo ukiwa mlangoni, sinia la dawa za dharura magotini. Alisema kazi yake leo ni hiyo.

"Mwambie asante," Seline alisema.

Naeema akaenda, akarudi. "Anasema karibu."

Chumbani kulikuwa na baridi. Alilazwa, miguu ikapandishwa, shuka ikatandikwa magotini. Kwenye kidole chake walibana kile kifaa kinachosikiliza mapigo ya moyo, na mashine ikaanza kulia, pi, pi, pi, kwa sauti moja. Daktari alimwambia kila kitu kabla ya kukifanya. Sasa ni baridi ya dawa ya kusafishia. Sasa ni sindano ya ganzi, itauma kama mwiba wa samaki. Iliuma zaidi ya hapo. Sasa kamera inapita.

Seline aligeuza uso kwenye skrini. Kwa miaka mingi alikuwa amekichora kizazi ubaoni kwa chaki, umbo la pea limesimama kichwa chini, mirija miwili kama pembe, na wavulana wakicheka nyuma. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kina rangi. Kulikuwa na njia nyembamba, ya waridi, kisha maji yakaingia na ukumbi ukafunguka mbele yake, mweupe mahali na mwekundu mahali. Humo ndimo Sheryl alimokaa. Lilikuwa jambo la kweli tu, na hakuwa na nguvu za kuliongezea lingine.

"Tazama," Khaemba alisema. "Ule pale."

Kutoka kwenye ukuta wa juu kilining'inia kinyama laini, kama tone lililokataa kuanguka. Daktari akasema ni uvimbe mdogo wa aina inayoonekana mara nyingi, na sura yake haimtishi, ila sura si jibu. Angeutoa, na angechukua nyama ya ukuta pia.

Maumivu yalipokuja yalitoka chini ya kitovu yakafika mapajani. Seline alisema, "Simama," na daktari akasimama kweli, mikono haikusogea. Akapumua. Akasema, "Endelea." Kisha jasho likamtoka usoni, na dari ikaanza kwenda mbali. Alisikia Khaemba akimwambia Naeema amshikie kitu. Wote wawili walikuwa wameinamia kazi. Pi ya mashine ilikuwa imeshuka sauti na kuchelewa, na hakuna chumbani aliyekuwa ameigundua.

"Mapigo yanashuka," sauti ikasema kutoka nje ya mlango. "Naeema, inamisha kitanda kichwani. Daktari, toa kamera kidogo. Ampula ya kwanza ninaiandaa hapa, nikisema njoo uichukue."

Kitanda kikainama. Kisha sauti ile ikasema tena, kwa upole, bila kumpitia mtu yeyote:

"Mama. Kohoa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita Gordon kumwagiza jambo. Seline akakohoa.

"Tena, Mama. Kwa nguvu."

Akakohoa tena, kikohozi cha darasa la nane, cha kunyamazisha watu. Pi ikapanda ngazi moja, kisha nyingine. Dari ikarudi mahali pake.

"Imetosha," sauti ikasema.

Walimaliza. Khaemba alimwonyesha chupa ndogo, ndani yake vipande vya nyama vikielea katika fomalini, visivyofanana na kitu chochote cha kuogopwa. Akamwambia atatokwa na damu kidogo kwa siku kadhaa, asitie kitu ukeni, na akipata homa, au harufu mbaya, au damu ya kulowesha pedi moja baada ya nyingine, asingoje miezi minne. Majibu yangechukua wiki mbili. Kisha akasema lile ambalo Seline, kwa maswali yake yote, hakuwa ameuliza: chupa ilikuwa iende maabara ng'ambo ya mji, na kama ilivyo kawaida pale, huipeleka mtu wa mgonjwa mwenyewe. Maabara ilikuwa karibu kufunga. Kesho ilikuwa sikukuu.

Seline alimpigia Caren; simu iliita mara moja ikakatika.

Seline aliketi taratibu kwenye ukingo wa kitanda. Kwenda mwenyewe asingeweza bado. Naeema alisema yeye hawezi kutoka kabla zamu haijaisha. Wote watatu walitazama mlango.

"Naeema," Seline akasema, "pale nje kuna kiti kingine?"

"Kipo."

Alifungua leso yake, akairarua pembe kwa meno, akaizungushia chupa hadi kioo kisionekane, akafunga fundo. Akampa Naeema. "Iweke juu ya kiti. Usimpe mkononi. Mwambie inakwenda maabara na maabara inafunga."

Naeema alitoka. Seline alisikia kiti kikisogezwa, kisha viatu vikiondoka, mwanzo polepole, kisha haraka.

Dirisha la chumba cha kupumzikia lilitazama geti. Kutoka hapo alimwona Gordon akivuka uwanja kwenye manyunyu, angali na kofia ya kijani kichwani, fundo la leso ameliinua mbele ya kifua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Bodaboda ilimsimamia. Alipanda bila kuachilia mkono hata mmoja, na mwenye pikipiki akamgeukia kumwambia ashike mahali. Hakushika.

Alipotoweka getini, Seline aliuchukua mkate wake akaanza kuula, taratibu, akimngoja Caren.